Banjo mpya inalia kombo? Angalia daraja kwanza

Wengi wanaoanza kujifunza banjo hutufikia hapa dukani, Louisville, wakiwa wameshakata tamaa. Wamenunua chombo mtandaoni, wamekityuni kwa programu ya simu, wamefuata masomo ya video, na bado wakibonyeza uzi sauti inatoka kombo. Wanaamini hawana sikio la muziki. Tukiishika banjo yenyewe, mara nyingi tunakuta daraja halijakaa mahali pake.

Daraja ni kile kipande cha mti kinachobeba nyuzi juu ya ngozi. Kwenye banjo halijagundishwa hata kidogo. Linashikiliwa na mkazo wa nyuzi tu. Ndiyo maana banjo nyingi husafirishwa daraja likiwa limelazwa, na mnunuzi analisimamisha kwa kukisia. Likikosea milimita chache, nyuzi zikiwa wazi zitalia vizuri, lakini kadiri vidole vinavyopanda shingoni ndivyo sauti inavyozidi kupotea.

Unaweza kupima mwenyewe. Gusa uzi wa kwanza kwa wepesi juu kabisa ya freti ya 12 (freti ni vile vyuma vyembamba vilivyokatiza shingo), bila kuubonyeza, uupige: utasikia sauti nyembamba kama ya kengele. Sasa bonyeza hapohapo, upige tena. Sauti hizo mbili zinatakiwa kulingana. Ile ya kubonyeza ikiwa juu zaidi, sogeza daraja kidogo kuelekea mkiani. Ikiwa chini, lisogeze upande wa shingo. Legeza nyuzi kidogo kwanza, lakini usizilegeze zote kabisa, daraja litaanguka. Ukisita, tuletee. Kupima ni bure, na kama ngozi inahitaji kukazwa au nyuzi kubadilishwa, tunakutajia bei kabla ya kugusa chochote.

Baada ya hapo kazi kubwa ni ya mkono wa kulia. Desemba 1945 Earl Scruggs wa North Carolina alijiunga na bendi ya Bill Monroe, mzaliwa wa Rosine, hapahapa Kentucky, na upigaji wake wa vidole vitatu ndio uliofanya banjo ya bluegrass, muziki wa nyuzi wa huku, isikike kama inavyosikika hadi leo: gumba, shahada na cha kati. Gumba huvaa kucha ya plastiki, vingine viwili kucha za chuma. Ule ulimi wa chuma unakaa upande wa nyama ya ncha ya kidole. Wageni wengi huuweka juu ya ukucha wao, wakashangaa kwa nini unakwama.

Somo la kwanza ni mapigo manane: uzi wa 3, wa 2, wa 5, wa 1, wa 4, wa 2, wa 5, wa 1. Shahada inashika uzi wa 2, cha kati uzi wa 1, nyingine zote ni za gumba. Banjo hutyuniwa G, yaani nyuzi zikiwa wazi zinapatana zenyewe, kwa hiyo hata mkono wa kushoto ukiwa umepumzika unasikia muziki kamili. Tunamwomba mwanafunzi abaki hapo wiki nzima, polepole, nafasi kati ya mapigo iwe sawa. Anayekimbilia kasi mapema hufundisha vidole makosa, na kuyaondoa ni kazi ngumu kuliko kuanza upya.

Fidla ina ugumu wake: haina freti, na upinde unataka subira ya miezi. Aliyekulia kwenye taarab ya Zanzibar au Mombasa tayari ana sauti yake masikioni, na hilo linasaidia sana.

Wengine hutuuliza kama muziki huu unatuhusu sisi tuliotoka Bukavu au Kigoma. Unatuhusu. Banjo za kwanza, za kibuyu na ngozi, zilitengenezwa na Waafrika waliopelekwa utumwani Karibeani na Marekani.

Masomo yetu ni kwa Kiswahili, watu wazima wasiowahi kushika chombo wanakaribishwa, na banjo ya kufanyia mazoezi ipo hapa dukani. Usinunue yako kabla hujajaribu hiyo.