YAH: Malalamiko ya kufungiwa akaunti na kuzuiwa tangazo la usalama kwa wateja wangu

Kwa Mkuu wa Huduma kwa Wateja,

Mimi ni fundi wa cherehani na muuzaji wa vipuri. Nimetumia huduma yenu ya kutuma barua pepe kwa miaka minne, na ada sijawahi kuichelewesha. Jumatatu ya wiki iliyopita mliifungia akaunti yangu kwa mstari mmoja tu: malalamiko ya barua taka yamezidi kiwango. Nimeandika mara tatu kuomba maelezo, mara zote tatu nimejibiwa na mashine. Barua hii naomba isomwe na mtu.

Orodha yangu ina watu 412. Sikuinunua popote. Kila mmoja aliletwa na cherehani yake au kipuri alichokuja kununua. Nilimwuliza kama angependa kupata taarifa zangu, akaandika anwani kwa mkono wake kwenye daftari ambalo ninalo hadi leo. Barua iliyoniponza ilikuwa ya kuwakumbusha kuleta mashine zisafishwe. Ukurasa wenu wa takwimu unaonyesha kwamba waliobonyeza kitufe cha "barua taka" ni wawili. Wawili kati ya 412 ni karibu asilimia 0.5, na kikomo chenu ni asilimia 0.3. Kwa orodha kama yangu hiyo ni mtu mmoja na kidogo! Anayetuma barua 100,000 anaweza kulalamikiwa na watu 299 na bado yuko salama. Mimi akijitokeza wa pili, nimekwisha.

Kikomo hicho najua kilikotoka. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo wamekaza masharti: uthibitishe anwani yako, uweke njia ya kujiondoa kwa kubonyeza mara moja, na malalamiko yasifike asilimia 0.3. Siyapingi. Nami hupokea huo uchafu kila asubuhi. Lakini makali yake yaliwalenga wanaotuma kwa wingi, ambao kwa Google ni wale wanaofikisha barua 5,000 kwa siku, na ninyi mmeyachukua mkayashusha kwa fundi anayetuma barua moja kwa mwezi, bila hata mtu kufungua akaunti akaangalia kilichoandikwa.

Mmoja wa wale wawili namfahamu, kwa sababu alikuja mwenyewe kuniambia. Hakuwa na ugomvi nami. Ameuza cherehani yake, akataka tu kujiondoa. Maneno ya kujiondoa mmeyaweka chini kabisa ya barua, kwa herufi ndogo za kijivu, tena kwa Kiingereza wakati barua nzima ni ya Kiswahili. Hakuyaona. Kitufe cha barua taka alikiona, kiko juu pale pale, akakibonyeza. Nilishawahi kujaribu kuzikuza herufi hizo na kuziandika kwa Kiswahili. Mfumo wenu haukuniruhusu.

Hayo ningeyavumilia. Lililonifanya niandike ni hili: siku moja baada ya kunifungia, mtengenezaji alinijulisha kwamba pedali za umeme za shehena moja zinapata moto kupita kiasi na zisitumike. Nilikuwa nimeziuza kwa watu 63. Nikaandika tangazo saa ile ile, nikabonyeza kutuma, likakataliwa. Alhamisi akaja mama mmoja na pedali ndani ya mfuko wa plastiki. Kifuniko kilikuwa kimeyeyuka upande mmoja, waya umeshikamana nacho, na harufu ya kuungua ilijaa chumba kizima. Akaniuliza, "Fundi, mbona hukutuambia?"

Masharti yenu yanaitaja sheria ya Marekani ya CAN-SPAM ya mwaka 2003. Isomeni. Sheria hiyo inatenganisha barua za biashara na zile za kumhudumia mteja aliyekwisha kununua, na taarifa za dhamana, za kurudisha bidhaa na za usalama wa bidhaa imeziweka kundi la pili. Hata ya Kanada, iliyoanza kutumika Julai 2014 na ambayo ni kali zaidi kwa kuwa inataka ridhaa kwanza, haidai ridhaa kwa tangazo kama langu. Waliotunga sheria waliliona jambo hili mapema. Ninyi mmefunga mlango mmoja kwa kila kitu.

Sheria hiyo hiyo ya Marekani inataka njia ya kujiondoa ifanye kazi kwa siku zisizopungua 30 baada ya barua kutumwa. Mlipoifunga akaunti, na kiungo cha kujiondoa mkakiua. Mteja akikibonyeza leo anaambiwa ukurasa haupo. Atafanya nini, kama si kubonyeza tena "barua taka"? Na jina lililo juu ya barua ni langu, si lenu. Tapeli akifungiwa, kesho anasajili anwani nyingine na kuendelea. Mimi jina ninalo moja.

Naomba akaunti ifunguliwe. Kama mna uchunguzi, uendelee, lakini tangazo la pedali litoke leo, na kiungo cha kujiondoa kirudi hata kama akaunti itabaki imefungwa. Maneno ya kujiondoa niruhusiwe kuyaandika kwa lugha ya wateja wangu, kwa herufi zinazosomeka. Na orodha ndogo kama hizi zisifungwe kabla ya mfanyakazi wenu kuzipitia na kuzungumza na mwenyewe.

Nimejaribu kuwafikia wale 63 kwa simu, mmoja mmoja. Nimewapata 41. Waliobaki 22 ama namba zao hazipatikani ama waliniachia barua pepe peke yake, na pedali hizo bado wanazo.

Mteja wenu,
Fundi wa cherehani