Barua ya malalamiko: kifaa cha kunusa watu waliofukiwa na kifusi

Kwa Meneja, Huduma kwa Wateja

YAH: KASORO ZA MRIJA NA PROGRAMU KATIKA KIFAA CHENU CHA KUNUSA WATU WALIOFUKIWA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Kikosi chetu cha utafutaji na uokoaji kilinunua kwenu vifaa vya kunusa vyenye vihisi vitano vya kunasa vitu ambavyo mwili wa mtu hutoa kwa pumzi na ngozi: asetoni, amonia, isoprini, hewa ya ukaa na unyevu. Vihisi vyenyewe hatuna ugomvi navyo. Tunacholalamikia ni mrija unaovipelekea hewa na programu inayoamua king'ora kilie lini. Kwa jinsi mlivyoviunda, wachimbaji wanaweza kupelekwa mahali pasipo na mtu, na aliye hai akapitwa.

Mrija una urefu wa mita 10 na kipenyo cha ndani cha milimita 6, kwa hiyo unabeba karibu mililita 283 za hewa. Pampu, kwa mujibu wa kitabu chenu cha maelekezo, huvuta mililita 150 kwa dakika. Gawanyeni wenyewe: hewa inayoingia nchani huchukua sekunde 113 kufika kwenye kihisi, na hapo kihisi bado hakijaanza hata kuitikia. Kitabu hichohicho kinamwagiza mtumiaji akae sekunde 30 kwenye kila tundu la kifusi, kisha ahame. Hata tukiacha muda wa kuhama, king'ora kinacholia kwenye tundu la tano kinazungumzia hewa ya tundu la kwanza au la pili. Mwendeshaji anapiga rangi palipolia, zege linaanza kutobolewa, na saa nzima inapotea mita kadhaa kutoka panapohusika. Aliyeandika hatua hizo hakupiga hesabu ya mrija aliouweka sandukuni.

Ucheleweshaji huo huongezeka kazini. Chujio mmeliweka upande wa kihisi badala ya nchani, hivyo vumbi la saruji hupita mrija mzima kabla ya kuzuiwa. Likijaa, mtiririko hushuka, lakini kioo hakionyeshi mtiririko wowote na pampu inaendelea kunguruma vilevile. Pia hakuna chombo cha kunasa maji. Hewa kutoka kwenye uwazi wenye mtu chini ya kifusi huwa na joto na unyevu. Ikipita kwenye mrija uliopoa huacha matone ndani. Amonia huyeyuka upesi kwenye maji, ikabaki humo, kisha ikaachiliwa polepole wakati ncha imeshahamia tundu lingine. Mrija wenyewe ni wa plastiki laini, ambayo nayo hushika amonia. Viungio vyake ni vya silikoni, na mvuke wa silikoni ni sumu inayojulikana kwa vihisi vya oksidi za metali: hujenga tabaka juu yake na usikivu ukapungua bila dalili yoyote kwa mtumiaji. Kwa kampuni inayotengeneza vihisi hivyo, hili la silikoni ni la kushangaza.

Sasa programu. Brosha yenu inajivunia usikivu wa sehemu 3 kwa bilioni, na inawataja watafiti wa ETH Zurich, chuo kikuu cha Uswisi, walioripoti kiwango hicho mwaka 2018. Watafiti hao walipima watu wa kujitolea ndani ya chumba kilichofungwa, na nguvu ya kazi yao ilikuwa kusoma vihisi vyote kwa pamoja. Ninyi mmeweka king'ora kinacholia kihisi kimoja tu kikipanda. Kwenye kifusi, kila gesi ina chanzo kingine: asetoni hutoka kwenye vimumunyisho vya rangi, amonia kwenye dawa za usafi na mabomba ya majokofu yaliyopasuka, hewa ya ukaa kwenye jenereta na kwenye pumzi ya mwokoaji mwenyewe aliyeinamia tundu, ambayo ina karibu asilimia 4 ya gesi hiyo. Kihisi cha asetoni kinaweza pia kudanganywa na kitakasa mikono cha spiriti. Dalili inayostahili kuaminiwa ni asetoni, isoprini na hewa ya ukaa kupanda pamoja kutoka tundu moja, zikilinganishwa na hewa ya nje iliyopimwa upande upepo unakotoka.

Kibaya zaidi ni sifuri inayojirekebisha, yaani kiwango cha kuanzia kupimia ambacho kifaa hujiwekea chenyewe. Usomaji ukitulia kwa dakika 10, kifaa huufanya kuwa sifuri mpya. Mtu aliyelala bila kusogea kwenye uwazi unaopitisha hewa kidogo tu huweza kuleta usomaji wa namna hiyohiyo, wa juu na uliotulia. Mtu mzima aliyetulia hutoa takribani lita 12 za hewa ya ukaa kwa saa; kwenye uwazi wa mita moja ya ujazo usiopitisha hewa kabisa, hiyo ni nyongeza ya zaidi ya sehemu 10,000 kwa milioni kila saa. Usomaji ukishatulia huko juu na ncha ikiachwa humo, programu yenu inamfuta. King'ora cha uongo hupoteza saa. Kosa hili hupoteza mtu, na kitabu hakilitaji popote.

Tunataka yafuatayo, kwa gharama zenu. Mrija wa PTFE (Tefloni), plastiki isiyoshika gesi kwa urahisi, wenye kipenyo cha ndani cha milimita 3, pamoja na pampu ya mililita 500 kwa dakika; kwa urefu uleule wa mita 10, hewa itafika chini ya sekunde 10. Chujio na mtego wa maji viwe nchani. Viungio visiwe na silikoni, na vihisi ambavyo tayari vimetumika pamoja na viungio vya silikoni vibadilishwe. Programu ionyeshe usomaji wa vihisi vyote vitano na mtiririko kwa wakati mmoja, na sifuri iwekwe na mwendeshaji peke yake. Kitabu cha maelekezo kirekebishwe, na wateja wengine wote waarifiwe sasa hivi, bila kusubiri toleo jipya.

Kwa sasa tumezima king'ora, tumefupisha mirija hadi mita 3, tunakaa dakika 3 kwenye kila tundu, na hatupigi rangi mpaka mbwa au kifaa cha sauti kithibitishe. Vifaa viwili tumevitenga bila kuvisafisha ili mafundi wenu wavikague.

Tunaomba jibu la maandishi ndani ya siku 14, lenye saini ya mhandisi, si ya idara ya mauzo.

Wenu,
Kitengo cha Ufundi
Kikosi cha Utafutaji na Uokoaji