Choo Hakivuti Vizuri? Mwaga Ndoo Moja Kabla Hujavunja Vigae

Wateja wengi wakitupigia simu husema, "Fundi, choo kimeziba, njoo na vifaa vya kuzibulia." Tunakwenda Ilazo, Nkuhungu, Kisasa au Nzuguni hapa Dodoma, na mara nyingi tunakuta bomba liko wazi kabisa. Choo hakijaziba, kimekosa nguvu ya maji. Hayo ni matatizo mawili tofauti, na kuyachanganya kunakula pesa ya mwenye nyumba bure. Tumeona bafu limevunjwa vigae na bomba kuchimbuliwa mpaka kwenye chemba, kumbe ubovu uko kwenye kampira ka tenki kanakouzwa duka lolote la vifaa vya ujenzi. Inatuuma kuona hivyo, ndiyo maana tunaomba kila mteja afanye jaribio moja dogo kabla ya kumwita fundi yeyote, hata sisi.

Chukua ndoo yenye maji lita 8 mpaka 10. Mwaga yote kwa mkupuo ndani ya bakuli la choo, ukilenga tundu la kutokea. Yakiondoka yote kwa kishindo, bomba lako ni zima, na ubovu uko juu, kwenye tenki au kwenye bakuli lenyewe. Yakipanda kisha yakashuka kwa kusuasua, kuna kitu kimekwama chini. Kama bakuli tayari limejaa hadi karibu na ukingo, usimwage kitu, subiri kwanza yapungue.

Ndoo inasema ukweli kwa sababu ya namna choo cha kukaa kinavyofanya kazi. Nyuma ya bakuli kuna shingo iliyopinda kwenda juu kisha chini. Maji mengi yakiingia kwa haraka hujaza shingo hiyo, na yakishaanza kuporomoka upande wa pili huvuta na yaliyobaki nyuma yake pamoja na uchafu. Maji yaleyale yakiingia polepole hupita juu ya shingo bila kuijaza, na uchafu unabaki ukielea.

Hapo ndipo wengi wanapokosea kuhusu simtank. Tunaambiwa, "Fundi, tupandishie mnara, choo hakina presha." Mnara mrefu utakusaidia kwenye bafu la mvua na kwenye koki ya jikoni. Kwenye choo cha tenki, utafanya tenki lijae upesi tu. Nguvu ya kuflashi inatoka kwenye maji yaliyokaa ndani ya lile tenki dogo nyuma ya choo, na hayo hayajui simtank yako iko juu kiasi gani. Usijenge mnara kwa ajili ya choo.

Fungua mfuniko wa tenki uangalie. Maji yanatakiwa kusimama sentimita 2 hadi 3 chini ya mdomo wa lile bomba fupi lililosimama ndani, la kumwaga maji yakizidi. Yakiwa chini zaidi, boya, lile linaloelea na kufunga maji tenki likijaa, limeshushwa au limekwama. Wako wanaoshusha boya makusudi, au wanaotumbukiza chupa ya mchanga, ili kubana matumizi wakati wa mgao. Nia ni njema, lakini matenki mengi ya siku hizi yameshapimwa kutumia lita 6 hivi. Ukizipunguza, unaflashi mara mbili, na maji uliyotaka kuyaokoa yanaondoka yote.

Kisha pima kama mpira wa chini unaoziba tenki unavuja. Tia bluu ya kufulia kidogo ndani ya tenki, usiflashi kwa nusu saa. Ukiona rangi imeshuka bakulini, mpira umechoka. Tenki linalovuja halikusumbui maji yakiwepo. Siku ya mgao ndipo unalikuta tupu.

Sasa tuje kwenye chanzo ambacho hapa Dodoma tunakutana nacho kuliko vingine vyote: chumvi ya maji. Sehemu kubwa ya maji ya mji huu inatoka kwenye visima virefu vya Makutupora na Mzakwe, na nyumba nyingi za maeneo mapya zina visima vyake. Maji ya ardhini yanapopita kwenye miamba na udongo huyeyusha madini, hasa kalisiamu na magnesiamu. Ukitaka ushahidi angalia ndani ya birika lako la umeme, ule ukoko mweupe. Ukoko huohuo unajijenga kwenye vitundu vilivyo chini ya ukingo wa bakuli la choo, mahali ambapo hakuna anayechungulia. Mwaka baada ya mwaka vitundu vinasinyaa, maji yanashuka kwa machozi badala ya kumwagika, na familia inadhani choo kimezeeka.

Weka kioo kidogo chini ya ukingo utaona. Dawa yake ni siki. Pasha lita moja au mbili hadi iwe vuguvugu, isichemke kwa sababu joto kali linaweza kupasua bakuli. Imimine kwenye lile bomba fupi ndani ya tenki ili ipite moja kwa moja hadi kwenye vitundu, kisha iache ilale usiku kucha bila mtu kuflashi. Asubuhi nyoosha waya wa hanga, zibua kitundu kimoja kimoja, uflashi. Ukoko wa miaka mingi utahitaji kurudiwa. Tafadhali sana, usitumie asidi ya betri, na usichanganye dawa yoyote ya kuondoa ukoko na jiki. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini, na vyoo vyetu vingi vina kidirisha kidogo kisichopitisha hewa ya kutosha. Ni hatari kwa maisha.

Kama ndoo imeonyesha kuna kizuizi, tumia mpira wa kuzibulia wenye mpini. Hakikisha maji yanaufunika mpira, sukuma na kuvuta kwa mfululizo. Kwa kawaida kilichokwama ni pedi, pampasi, vitambaa vya kufutia watoto au kichezeo. Kitu kigumu usikisukume, kitakwenda kukwama mbali zaidi.

Choo kikigoma huku sinki au bafu navyo vinatoa mlio wa kubwabwaja, ubovu haupo chooni tena. Fungua chemba iliyo karibu na nyumba. Ikiwa imejaa, kizuizi kiko kati yake na shimo la majitaka, au shimo lenyewe limejaa. Ikiwa tupu, rudi kwenye bomba linalotoka nyumbani. Angalia pia bomba la hewa juu ya paa, ndege hupenda kujenga humo. Na kuanzia Desemba hadi Aprili, nyumba zilizo kwenye udongo wa mfinyanzi hupata shida nyingine: ardhi imelowa, shimo la kunyonyea maji halinyonyi, na choo kinavuta kwa shida hadi mvua zikatike. Tunashauri gari la majitaka liitwe kabla ya Desemba. Nyumba ya familia yenye shimo la kawaida huhitaji kunyonywa tope kila baada ya miaka 3 hadi 5, hata kama halijaonyesha dalili.

Ukitupigia, tuambie ndoo ilifanya nini, kama ukoko upo, na kama sinki linaitikia choo. Hapo tutajua tuje na springi ndefu ya kuzibulia bomba, au na mpira wa tenki tu mfukoni, na tutakutajia bei kabla hatujagusa kigae.