Malalamiko: rudisheni ada mliyonitoza kunipeleka Kanada kuendesha lori

Regina, Saskatchewan
15 Machi 2025

Kwa Mkurugenzi,
Ofisi ya uwakala wa ajira za nje,
Leicester, Uingereza

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: KUREJESHEWA PAUNI 2,860

Nawaandikia kwa Kiswahili kwa makusudi. Kila mlichoniahidi mliniahidi kwa Kiswahili, kwa simu na kwa sauti za WhatsApp ambazo bado ninazo zote 23. Mkataba tu ndio uliokuja kwa Kiingereza, kurasa kumi na moja, jioni ya siku ambayo mlisema nafasi zinafungwa. Basi tumalizane kwa lugha tuliyoanzia.

Mimi ni yule dereva wa Daventry, hapo Uingereza, mteja wenu tangu Machi 2024. Nina leseni ya Uingereza ya C+E, ya malori makubwa yenye tela, tangu 2013, na kadi yangu ya CPC, cheti cha dereva wa kulipwa, haijawahi kuisha muda. Kabla ya hapo nilipiga njia ya Dar es Salaam, Tunduma hadi Lubumbashi kwa miaka sita, mitatu ya kwanza nikiwa utingo. Sijitapi. Nayasema haya msije mkajibu kwamba sikuielewa kazi. Lori nalijua. Nilichokuwa sikijui ni Kanada, na hicho ndicho nilichowalipa mnieleze.

Nililipa mara tatu na risiti nimeziambatanisha. Ya kwanza pauni 450, "ada ya kufungua faili". Ya pili pauni 650, "ada za serikali". Ya tatu pauni 1,900, na hapo karani wenu aliandika kwa mkono wake mwenyewe: "LMIA na kuunganishwa na mwajiri" (LMIA ni maombi ya mwajiri kwa serikali ya Kanada, nitayarudia chini). Jumla pauni 3,000, ambazo mke wangu alikuwa amezitunza kwa ajili ya gari.

Nianze na leseni, maana ndiyo iliyonivunja mgongo. Nilipouliza kama leseni yangu ingekubalika Kanada, dada wa ofisini kwenu alinijibu kwa sauti tarehe 19 Machi: "Kaka yangu, wewe na leseni ya Uingereza ukitua tu unakabidhiwa funguo. Hao wengine ndio wanaosumbuliwa." Nilitua Regina tarehe 21 Oktoba. Kijana wa kaunta ya leseni aliigeuza kadi yangu mara mbili, akasema ya gari dogo atanibadilishia, ya lori nianze upya: mtihani wa maandishi, mtihani wa breki za upepo, mafunzo ya lazima ya saa 121 na nusu, ndipo mtihani wa barabarani. Hizo saa si kitu kilichotungwa jana. Mkoa wa Saskatchewan uliziweka Machi 2019, miaka mitano kamili kabla dada huyo hajarekodi sauti yake.

Sheria yenyewe siilaumu. Mwalimu wa chuo alitueleza ilikotoka: tarehe 6 Aprili 2018, kwenye njia panda karibu na Armley, lori lilipita alama ya kusimama, likagongana na basi la timu ya vijana ya hoki ya barafuni ya Humboldt Broncos. Walikufa watu 16. Darasani kulikuwa kimya kabisa alipomaliza, na sisi wenye uzoefu wa miaka mingi ndio tulioinamisha vichwa zaidi. Kwa hiyo mafunzo nimeyafanya na wala sijutii. Ninachowalaumu ni kwamba yaligharimu dola 9,000 za Kanada ambazo sikuzijua nilipokuwa naaga Daventry. Mwajiri alinikopesha na sasa anazikata dola 300 kila malipo. Kabla ya hapo nilikaa wiki saba bila dola hata moja kuingia mfukoni, nikilala kwenye moteli na madereva wengine watatu, kitanda kikikatwa dola 25 kwa usiku. Moteli hiyo ndiyo ile mliyoiita "nyumba ya kampuni, mwezi wa kwanza bure".

Sasa mshahara. Mlisema dola 8,500 kwa mwezi. Nikauliza ni kwa saa au kwa maili, mkanijibu "ni uleule tu, kaka, mwisho wa siku hela ni hela". Sivyo hata kidogo. Ninalipwa senti 52 kwa maili, na maili inahesabiwa magurudumu yakizunguka tu. Wiki nzuri ninapiga maili 2,400, yaani dola 1,248 kabla ya makato. Ila kuna wiki za Januari. Barabara namba 17 inayopita kaskazini ya Ziwa Superior sehemu kubwa ina njia moja kwenda na moja kurudi, na theluji ikizidi wanafunga kabisa. Nilikaa mji mdogo wa Wawa, kwenye njia hiyo, siku mbili, lori likinguruma usiku kucha kwa sababu kwenye baridi ile ukizima injini hujui kama itakubali kuwaka tena. Nikafika Brampton, karibu na Toronto, nikasubiri kushusha mzigo saa sita nyingine. Wiki ile ilinipa maili 1,100, dola 572. Daventry nilikuwa nalipwa kwa saa, hata foleni ya ghalani ilikuwa hela yangu. Kule Tunduma nako, tukikwama mpakani siku nne, tajiri alikuwa anatuma posho. Mimi nilidhani nchi tajiri haiwezi kushindwa na tajiri wa Mbagala.

Barua ya kazi iliyoambatana na kibali changu inataja malipo kwa saa, na mwajiri analipa kwa maili. Hilo nimelifikisha kwa ofisi ya viwango vya kazi ya mkoa. Ni kesi yangu na mwajiri, nyinyi halijawafikia bado. Lakini ile barua ilipita mikononi mwenu kabla ya kunifikia mimi.

Mlisema pia sheria za saa za usukani "ni zilezile za Ulaya". Uingereza naendesha saa 9 kwa siku, 10 mara mbili tu kwa wiki, na baada ya saa 4 na nusu lazima nipumzike dakika 45. Hapa sheria inaruhusu saa 13 za usukani. Tofauti hiyo ni saa 4 nzima za usukani ukiwa tayari umemaliza siku. Mtu anayeuza kazi ya udereva na hajui hilo, sijui anauza nini.

Mlima Kitonga nimeupanda na tani 30 mgongoni, kwa hiyo Rogers Pass, njia ya milimani ya huku Kanada, haikunitisha kwa mwinuko. Ilinitisha kwa barafu. Minyororo ya matairi nilifundishwa kuifunga na dereva Mpunjabi wa Surrey (ya huku British Columbia, si ya kwenu huko), saa nane za usiku, yeye ameshika tochi kwa meno. Hakunidai kitu. Alipojua nimelipa pauni 3,000 kuja kufanya kazi ile, aliitoa tochi mdomoni akaniuliza kama naongea kweli.

Ni yeye aliyenifungua macho. Hiyo LMIA mliyonitoza ni maombi ambayo mwajiri anapeleka kwa serikali ya Kanada kuthibitisha kwamba anahitaji mfanyakazi kutoka nje. Ada yake ni dola 1,000 za Kanada, anailipa mwajiri, na haruhusiwi kuirudisha kwa kumkata mfanyakazi. Sheria za Saskatchewan nazo zinakataza kumtoza mfanyakazi wa kigeni ada ya kumtafutia kazi. Na msiseme hizo ni sheria za ng'ambo zisizowahusu, kwa sababu hapo hapo mlipo, Sheria ya Mawakala wa Ajira ya mwaka 1973 inamkataza wakala kumtoza anayetafuta kazi kwa kumtafutia kazi hiyo, isipokuwa kwa kazi chache kama za waigizaji na wanamitindo. Mimi si mwanamitindo. Mkitaka kujibu kwamba mlinitoza kwa "ushauri" wa uhamiaji, angalieni tena risiti ya tatu karani wenu aliandika nini. Isitoshe, kutoa ushauri wa uhamiaji wa Kanada kwa malipo kunahitaji mtu awe mwanasheria au mshauri aliyesajiliwa. Daftari la washauri liko wazi kwa kila mtu, nimelipekua, na jina lililo kwenye mkataba wangu sikulikuta.

Zile "ada za serikali" nazo nimezihesabu. Kibali cha kazi ni dola 155, alama za vidole dola 85. Jumla dola 240, kama pauni 140 kwa bei ya wakati ule. Nyinyi mlichukua 650.

Jambo la mwisho ni dogo kwa maneno ila ndilo linalonikosesha usingizi. Nilipouliza itakuwaje nisipopatana na kampuni, mlisema "unahama tu, Kanada madereva wanagombaniwa". Kibali changu kimeandikwa jina la mwajiri mmoja. Nikiondoka kwake sina ruhusa ya kushika usukani wa mwingine mpaka niombe na kupewa ruhusa mpya ya serikali. Upo mlango wa kibali cha wazi kwa mfanyakazi anayenyanyaswa, ulioanzishwa mwaka 2019, lakini mwajiri wangu hanipigi wala hanitukani. Ni mbahili tu, na sitamsingizia ili nipate karatasi. Basi nipo. Mke wangu na watoto, mliosema watanifuata ndani ya miezi mitatu, wanaishi chumba kimoja kwa dada yake Northampton kwa sababu nyumba tulishaitolea notisi kwa neno lenu.

Ninachodai ni hiki. Pauni 450 za faili, pauni 1,900 za LMIA na mwajiri, na pauni 510 mlizozidisha kwenye ada za serikali: jumla 2,860. Ile 140 ya kibali na alama za vidole ni haki yenu, mlinilipia kweli. Gharama za mafunzo siwadai, kwa kuwa ningezilipa tu hata mngenieleza ukweli, ila ningejipanga nikiwa bado na mshahara wa Daventry. Pia nataka ile sauti ya "ukitua tu unakabidhiwa funguo" muache kuitumia. Kuna kijana wa Tanga aliyenipigia wiki iliyopita kutoka Coventry. Ameisikia hiyo hiyo, neno kwa neno, na ameshalipa ya kwanza.

Nawapa siku 14 tangu mtakapoipata barua hii. Baada ya hapo nitaipeleka, pamoja na risiti na sauti zote zikiwa zimetafsiriwa, kwa wakaguzi wa serikali wa mawakala wa ajira huko Uingereza, na dai la fedha nitalifungua kwenye mahakama ya madai madogo. Jibu lenu liwe la maandishi, kwa barua pepe ile ile mliyotumia kunidai awamu ya tatu. Simu sitapokea, mara nyingi nitakuwa barabarani.

Wenu,
(sahihi)
Mteja wenu, dereva

Nakala: hakuna, kwa sasa.