Kivuli cha Thanjavur kinafika chini

Mhariri,

Makala yenu ya Jumapili kuhusu Hekalu la Brihadisvara, mjini Thanjavur kusini mwa India, niliisoma kwa hamu hadi nilipofika pale mwandishi anapodai kwamba kivuli cha mnara wake hakigusi ardhi. Kinagusa, tena asubuhi na jioni kinatanda uani. Uvumi huo una asili yake: mji uko karibu nyuzi 11 kaskazini mwa ikweta, kwa hiyo katikati ya Aprili na tena mwishoni mwa Agosti jua la adhuhuri husimama utosini, kivuli kikaishia juu ya jengo lenyewe, ambalo chini ni pana. Sisi wa pwani nasi tuna siku zetu za namna hiyo, wala hatujengi miujiza juu yake.

Lile jiwe moja la tani 80 mnalodai limekaa kileleni nalo si moja. Kilele kimeungwa kwa vipande. Kupandisha graniti hadi mita 60 hivi, jengo likakamilika mwaka 1010 bila kreni, kwangu mimi ni ajabu ya kutosha.

Lililoniudhi hasa ni yaliyoachwa. Mfalme Rajaraja wa Kwanza, wa ukoo wa Chola, aliamuru kila kilichotolewa kwa hekalu kichongwe ukutani: alichotoa mwenyewe, dada yake Kundavai, wake zake na watu wengine. Ndiyo maana kuta za chini zimejaa maandishi ya Kitamili, lugha ya huko, kama daftari la bohari. Wamo wanawake 400 wacheza ngoma waliohamishwa kutoka mahekalu mengine, kila mmoja kwa jina, mtaa na nyumba yake, na fungu lake la mpunga la kalam 100 (kipimo cha nafaka cha huko) kwa mwaka. Wamo vinyozi, wafinyanzi, madobi na washonaji. Taa moja ya kuwaka daima ilitengewa kondoo majike 96, na mchungaji aliyekabidhiwa alidaiwa kipimo cha samli ya kuiwashia kila siku, kondoo wafe wasife. Mfalme gani wa zama zile alitujulisha kinyozi wake alilipwa nini?

Ndani, mnara ni mtupu. Chumba cha Shiva, mungu wa Kihindu anayeabudiwa hapo, kimezungushiwa kuta mbili, katikati yake kuna ushoroba wa ghorofa mbili. Kwenye ule wa chini, mwaka 1931, chini ya rangi za watawala wa Nayaka waliokuja karne nyingi baadaye, ziligunduliwa picha za Wachola wenyewe. Wa juu umechongwa mikao ya ngoma: 81 kati ya 108 ya ngoma ya kale ya Kihindi. Mawe ya ile 27 iliyobaki yapo mahali pake, hayana mchoro.

Naomba makala ya pili, safari hii na picha za kuta za chini na za ushoroba, maana kilele tumeshakiona.

Msomaji wenu,
Tanga