Nyumba yetu nimeiona kwenye status ya dalali

Dada shikamoo. Na mama nifikishie shikamoo yake, niambie dawa ya magoti imebaki kiasi gani.

Naandika maana nikipiga simu nitafoka na mtoto kalala. Nyumba yetu ya barabara ya kumi na tatu nimeiona jana kwenye status ya dalali. Picha ya asubuhi, baraza limefagiliwa vizuri, baiskeli ya baba imeegemea nguzo palepale pake, chini wameandika "vyumba sita, uani mkubwa, inafaa kubomoa, maongezi yapo". Inafaa kubomoa! Halafu dada, hela ya bati nilituma kabla ya Ramadhani, mbona paa ni lilelile la kutu?

Kaka mkubwa anasema nimenunua nyumba Ulaya nikasahau kwetu. Nimenunua ndio, na nitajidai. Iko Oadby, nje kidogo ya Leicester, vyumba vitatu, imeshikana ukuta na ya jirani, ya miaka ya 1930 huko, dirisha la mbele limetokeza kama kitambi, nyuma kuna mti wa maepo machachu kama ukwaju ila ni yangu. Yangu na benki, hayo tuyaache.

Huku nyumba haina siri. Bei za mauzo kuanzia 1995 serikali imeziweka wazi, mtu yeyote anazisoma kwenye simu. Yangu iliuzwa 1998, ikauzwa 2007 bei iko juu kweli, 2010 yuleyule wa 2007 akaiuza kwa hasara, msukosuko wa benki ulimkuta, nikamwonea huruma mtu hata simjui. Jirani ni bibi wa Kihindi, katoka Uganda 1972 Amin alipowafukuza, kila asubuhi juu ya ua "habari ya leo mwanangu" Kiswahili chake kikavu hichohicho. Kwao Jinja waliondoka sufuria ziko jikoni. Akaniuliza, ya kwenu ipo bado? Nikamjibu ipo kwa sauti kubwa, ndo naingia ndani nakuta ile status.

Ya kwetu haijawahi kuuzwa hata mara moja. Hati ya baba ni ya miaka 33, ya mwaka 1989, piga hesabu, imeisha 2022. Nani kaenda ardhi kuihuisha? Mkiona Luku ya umeme inakata kodi ya jengo mnajua yameisha, kodi ya ardhi ni nyingine na hiyo Luku haiigusi. Na kaka anauza kama nani? Baba katutoka, mahakama haijateua msimamizi wa mirathi, hapo hakuna wa kusaini. Mnunuzi analijua hilo ndo maana kaja na bei ya karanga, kaka anaona kapata mjanja mwenzake.

Mwite mjomba, kikao kifanyike Jumapili, mniunganishe kwa video, mama akae karibu na simu nimuone. Hela ya kufungua mirathi natuma mwisho wa mwezi, kwa namba yako wewe, sio ya kaka, na akinuna anune. Ya bati nataka risiti.

Dalali aitoe ile picha. Na baiskeli iingizeni ukumbini, masika hayo yanakuja.