Barua kwa mwanangu anayesoma habari redioni

Goma

Mwanangu mpenzi,

Sura tatu za riwaya yako nimezisoma zote. Hadithi unayo. Kinachokukwamisha ni mazoea ya taarifa ya habari.

Redioni unatoa yote mwanzoni: nani, nini, wapi, lini. Ni sawa, maana anayesikiliza huku akipepea makaa atakupa sekunde chache tu. Lakini riwaya yako nayo inaanza hivi: Nyiragongo imelipuka Jumamosi, tarehe 22 Mei 2021, lava imefika Buhene. Msomaji afungue ukurasa wa pili akatafute nini? Anza na mama anayefunga godoro juu ya chukudu, kile kigari cha mbao cha kusukuma, anga ni jekundu, naye anabishana na mumewe: wakimbilie Sake au Gisenyi? Neno volkano lingoje.

Tena, jina la mtu unalirudia kila baada ya sentensi mbili. Hewani ni lazima, sikio halirudi nyuma. Jicho linarudi, kwa hiyo kitabuni jina linachosha.

Mazungumzo ndiyo yameniuma zaidi. Muuza sambaza, wale samaki wadogo, wa soko la Kituku anasema "hali ya usalama inazidi kuzorota"! Mama huyo angesema, "Leo tulale na viatu." Kaa sokoni asubuhi moja bila mikro, usikilize watu wanavyopatana bei, wanavyokatizana, wanavyoacha maneno njiani.

Na waliokusimulia mbele ya mikro, walinde. Kubadili jina hakutoshi. Ukiacha vilevile kazi yake, mtaa wake na idadi ya watoto wake, jirani atamtambua. Badili vyote, au changanya watu watatu wawe mmoja.

Taarifa ya dakika 10 hula maneno kama 1,200, ndiyo maana unaandika kwa pupa. Andika 400 kwa siku, siku tano kwa wiki. Maneno 40,000 yatakuchukua wiki 20. Usianze mara tu unapotoka studio, lugha ya taarifa bado iko mdomoni. Kula kwanza, ulale kidogo. Kisha jirekodi kwa simu ukisoma ulichoandika jana: ulimi unapojikwaa, rekebisha. Hapo sikio lako la redio ni mali. Ila sentensi ndefu inayotiririka usiikate kwa sababu tu pumzi imekuishia. Anayesoma kimya ana pumzi ya kutosha.

Kazi ya redio usiiache.

Sura ya kwanza nimempa dada yako, anakuja Bukavu na boti ya Ijumaa. Kila "imeripotiwa kwamba" nimeizungushia kalamu nyekundu.

Mama yako